Msihame na kunguni kwenye godoro: jibu kwa dada wa Moshi kuhusu hostingi na paswedi za ofisi

Swali lenyewe liliandikwa hivi: "Habari za kazi kaka. Mimi ni mhasibu kwenye kampuni ndogo ya utalii hapa Moshi, tuko watu tisa. Wiki iliyopita imeili zetu kwa wageni zilianza kurudi, kesho yake tovuti ikaandika akaunti imesimamishwa, tukakaa hivyo siku nne. Watu wa hostingi wanasema tumetuma barua taka maelfu, sisi hatujatuma kitu. Bosi amekasirika anataka tuhame kampuni nyingine. Paswedi ya hostingi na ya imeili ya info ni moja, iko kwenye grupu la WhatsApp la ofisi, haijabadilika tangu tovuti itengenezwe 2019, na kijana aliyeitengeneza alishaacha kazi. Domeini yetu ya .com nayo aliinunua yeye. Tuhame? Na hizi paswedi tuzifanyeje, maana bosi anataka tuwe tunabadilisha kila mwezi."

Pole sana dada. Siku nne za tovuti kufungwa kipindi wageni wanabuki za mwezi wa sita na wa saba ni hasara ambayo mtu wa nje hawezi kuielewa, mgeni akikuta ukurasa umesimamishwa haulizi, anaenda kwa jirani.

Ila kabla sijafika kwenye kuhama hostingi, yaani kampuni inayotunza tovuti na imeili zenu kwenye seva zake, kuna kitu nataka ukifanye leo hii hii, usisubiri kikao. Wewe ni mhasibu, invoisi zinatoka kwenye imeili hiyo hiyo ya info, sasa mtu aliyeweza kutuma barua taka kwa jina lenu kuna uwezekano mkubwa anaweza pia kusoma barua zenu, na kusoma ndo kubaya zaidi. Chukua kompyuta ambayo una uhakika nayo, sio ile ya mapokezi inayochomekewa fleshi za kila mtu, ingia kwenye cPanel, ule ukurasa wa kuendeshea hostingi yenu, badilisha paswedi ya cPanel yenyewe kwanza alafu ya imeili ya info, zisifanane. Kisha kwenye upande wa imeili tafuta sehemu imeandikwa Forwarders, hapo ndo mtu anaweza kuweka amri kwamba kila barua inayoingia kwenu nakala yake ifowadiwe kwingine. Karibu na hapo kuna Email Filters, nayo fungua. Ukikuta anwani usiyoijua piga picha ya skrini kwanza ndo uifute, hiyo picha mtaihitaji mkienda polisi au benki.

Nakwambia hivi kwa sababu niliwahi kuitwa ofisi moja Arusha, nao ni watu wa safari, walichoniitia ni imeili kuwa nzito. Nikafungua hiyo sehemu, kuna mstari mmoja tu. Anwani ya Gmail yenye jina la kampuni yao, bosi akaniambia hiyo ni yetu achana nayo. Nikaikuza kwenye skrini, nikamwambia angalia tena hapo kwenye herufi m. Haikuwa m, ilikuwa r na n zimekaa karibu karibu mpaka jicho linaziunganisha. Akavua miwani akaifuta akaivaa tena, akakaa chini. Kila barua iliyoingia pale kwa miezi saba ilikuwa inasomwa na mtu mwingine, na mgeni mmoja wa Ujerumani alikuwa ameshalipa diposit kwenye akaunti ambayo sio yao, alikuwa na invoisi yenye nembo yao, namba sahihi, tarehe za safari sahihi mpaka jina la kambi ya kwanza, kilichobadilika ni mstari wa namba ya akaunti ya benki tu. Yule mama mhasibu wao alilia, na hakuwa amekosea chochote, alituma invoisi sahihi.

Kwahiyo wewe leo kaa na orodha ya wageni wote wenye invoisi ambazo hazijalipwa, wapigie simu au WhatsApp kwa namba walizokupa mwanzo kabisa, usichukue namba kwenye imeili za hivi karibuni, waambie akaunti yetu ya benki haijabadilika na ukipata barua inayosema imebadilika usilipe. Ni kazi ya jioni moja. Ifanye.

Sasa tuje kwenye kufungiwa. Najua bosi ana hasira ila kwenye hilo la kuwafungia nyie, watu wa hostingi walikuwa sahihi. Mko kwenye hostingi ya kuchangia, yaani seva moja ina tovuti mamia, na zote zinatumia anwani moja ya IP, ile namba ya seva kwenye intaneti, kutuma barua. Nyie mkianza kumwaga barua taka, mashirika kama Spamhaus yanaiweka ile IP kwenye orodha nyeusi, na hapo duka la nguo la Dodoma na shule ya Iringa ambao hata hamjuani nao barua zao zinaanza kurudi kwa ajili yenu. Isitoshe tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza sana, domeini, yaani jina la tovuti na imeili zenu, isiyo na rekodi za SPF au DKIM zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwa mwenyewe, barua zake zinakataliwa au zinatupwa kwenye taka, na sitashangaa kama zenu hazijawahi kuwekwa tangu 2019. Waombeni watu wa hostingi wawawekee, ni kazi ya dakika chache.

Pale walipokosea ni siku nne. Kufungia ni sawa, lakini mteja anatakiwa aambiwe nini kimetokea na afanye nini ili afunguliwe, sio kuachiwa ukurasa ule wa kijivu. Kwahiyo waandikie tiketi swali moja tu: zile barua zilitumwa kupitia akaunti ya imeili yenye paswedi, au kupitia faili lililoko ndani ya tovuti? Kumbukumbu za seva zinaonyesha, hawana sababu ya kutokujua. Jibu la hilo swali ndo linaamua dawa. Wakisema kupitia akaunti ya info basi ni paswedi imevuja, na kwa jinsi mlivyokuwa mnaitunza sioni ajabu. Wakisema ni faili, basi kuna mtu ameingia kwenye WordPress, programu inayoendesha tovuti yenu, mara nyingi kupitia programu-jalizi, yaani kiongezeo chake, iliyoachwa bila kusasishwa miaka, na humo kuna faili linaitwa wp-config.php ambalo paswedi ya databesi imeandikwa wazi wazi inasomeka, aliyefika kwenye mafaili ameshaiona. Hapo mnasafisha tovuti, mnasasisha kila kitu, na mnabadilisha na ya databesi.

Ndo maana kwenye swali la tuhame au tusihame jibu langu ni msihame bado. Mkihama leo mtahama na kunguni kwenye godoro. Kampuni nyingi za hostingi zinahamisha tovuti bure, wanachofanya wanachukua bakapu nzima, yaani nakala ya kila kitu, wanaimwaga upande wa pili, na mafaili ya yule mwizi yamo, na paswedi ile ile imo, na lile grupu la WhatsApp bado lipo. Wiki tatu mbele mtafungiwa tena na kampuni nyingine kabisa na bosi atasema hostingi zote za nchi hii ni mbovu.

Na asidhani dawa ni kwenda kwenye jina kubwa la nje. Novemba 2021 GoDaddy wenyewe walitangaza kwamba mtu aliingia kwenye mfumo wao wa WordPress kwa kutumia paswedi iliyoibiwa, wateja mpaka milioni 1.2 wakaguswa, na alikuwa ndani tangu mwezi wa tisa. Kampuni ya ukubwa ule. Paswedi moja.

Turudi ofisini kwenu basi, maana hapa ndo penye kazi yenyewe.

Paswedi kukaa kwenye grupu la WhatsApp ni tatizo kwa sababu ambayo watu wengi hawaifikirii: ukimtoa mtu kwenye grupu, meseji za zamani zinabaki kwenye simu yake. Kwahiyo hesabu watu wote waliopita hapo ofisini tangu 2019, madereva, vijana wa fildi, yule dada wa mapokezi aliyeolewa akahamia Mwanza, simu zilizoibiwa stendi, simu walizopewa watoto wachezee. Simlaumu yeyote kati yao. Nasema tu paswedi yenu iko kwenye hizo simu zote na hamna namna ya kuirudisha, mnachoweza ni kuifanya isifungue kitu tena.

Alafu kuna hili la kutumia paswedi moja kila mahali. Mwaka 2012 LinkedIn waliibiwa paswedi, mwanzoni ilionekana ni kama milioni 6.5, ikaja kujulikana 2016 ni zaidi ya milioni 100. Mwaka huo huo wa 2012 Dropbox nao wakaingiliwa, na sababu ilikuwa mfanyakazi wao mmoja alitumia kazini paswedi ambayo alishaitumia kwingine na ikaibiwa huko. Milioni 68 za akaunti za wateja zikaondoka kwa mlango wa mtu mmoja, kampuni ya teknolojia yenye wataalamu kuliko sisi wote. Kwahiyo kama paswedi yenu ni jina la kampuni na 2019, na kuna mtu aliitumia kwenye mtandao wowote, ihesabu kwamba imeshajulikana. Kuna tovuti ya Have I Been Pwned, ya Troy Hunt wa Australia, ipo tangu 2013 na ni bure, andika anwani ya info uone imeonekana kwenye wizi gani.

Kuhusu kubadilisha kila mwezi, naomba umwambie bosi kwa heshima kwamba hapana. Najua amefundishwa hivyo, wote tulifundishwa hivyo. Chanzo chake ni mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwaka 2003, na Bill Burr aliyeuandika alikuja kusema hadharani 2017 kwamba anajutia sehemu kubwa ya alichoandika. Mwaka huo huo NIST wakatoa mwongozo mpya: msiwalazimishe watu kubadilisha kwa tarehe, badilisheni pale mnapojua au mnapohisi imevuja. Na sababu ukiifikiria ni ya kibinadamu tu. Ukimlazimisha mtu kila mwezi anaandika Kibo@Januari, mwezi unaofuata Kibo@Februari, sasa aliyeiba ya Januari anahitaji akili gani kuipata ya Machi? Nimeiona hii kwenye ofisi nyingi mno, na karatasi imebandikwa chini ya kibodi.

Kinachosaidia ni urefu. Chukua maneno manne matano ya Kiswahili yasiyohusiana, mfano embe ngazi karafuu jirani baiskeli, weka nukta katikati, hiyo inakaa kichwani na kompyuta itahangaika nayo sana. Hiyo niliyoandika msiitumie, imeshasomwa na wengi, tungeni yenu na isiwe methali wala mstari wa wimbo wala aya, maana hivyo vimo kwenye orodha za wezi.

Paswedi ya aina hiyo kila mtu ashike moja tu, ya kufungulia programu ya kutunza paswedi. Bitwarden ina toleo la bure kwa mtu mmoja mmoja na la kulipia kwa timu, KeePass ni bure kabisa ila inataka mtu mwenye subira kidogo. Humo ndani ndo mnaweka za hostingi, za imeili, za mitandao ya kubuki, kila moja ndefu imetengenezwa na programu yenyewe hata wewe huijui. Najua utaniuliza, kaka si tunaweka mayai yote kapu moja? Ni swali la haki. LastPass, programu nyingine ya aina hiyo, walikiri Desemba 2022 kwamba mwizi aliondoka na nakala za hifadhi za wateja. Paswedi zilikuwa zimefungwa kwa usimbaji, yaani zimegeuzwa zisisomeke bila paswedi kuu, wenye paswedi kuu ndefu walikuwa na kinga ya maana, wenye paswedi kuu fupi ndo walibaki kwenye hatari, na anwani za tovuti hazikuwa zimefungwa kabisa. Nimelipima hilo na bado nawaambia tumieni, kwa sababu nalinganisha na grupu la WhatsApp, silinganishi na mbinguni.

Juu ya hapo wekeni uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya paswedi unaombwa na namba ya muda. cPanel inao, imeili ya Google inao, WordPress inawekewa. Tumieni programu ya simu inayotoa namba sita, msitegemee meseji ya SMS kama kuna njia nyingine, maana hapa kwetu kuibiwa laini sio hadithi ya kusikia, mtu anaamka simu haina mtandao na mchana pesa zimeondoka. Zile namba za dharura wanazokupa siku ya kuwasha, zichapeni, ziingie kwenye sefu pamoja na hati za magari. Na isiwe simu ya kijana mmoja tu, kesho akiondoka anaondoka na ufunguo bila hata kukusudia.

Pia acheni kuchangia. Eneo la wateja la hostingi nyingi linaruhusu kuongeza watumiaji, WordPress kila mtu apewe jina lake, anayeandika habari za safari apewe uhariri tu, asipewe uadmini. Fundi wa nje mfungulieni akaunti yake ya FTP, ya kupandishia mafaili, yenye folda moja, akimaliza futeni. Siku mtu anaacha kazi, kwenye fomu ile ile ya kurudisha funguo na kitambulisho pawe na mstari wa akaunti, afungiwe siku hiyo hiyo hata kama mmeagana na keki. Na bosi naye awemo, ofisi nyingi sheria inaanzia kwa mapokezi na kuishia mlangoni kwa mkurugenzi, wakati yeye ndo mwenye sahihi ya benki.

Hamuwezi kuliacha hili kwa sababu humo kwenye imeili mna nakala za pasipoti za wageni, taarifa za mizio yao, dawa wanazotumia kwa ajili ya kupanda mlima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 1, 2023, inawahusu hata mkiwa watu tisa, na inataka wanaokusanya taarifa za watu wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kama hamjajisajili liwekeni kwenye orodha ya mwezi huu.

Mkishasafisha hayo yote, hapo sasa mkitaka kuhama hameni, na kitu cha kuuliza kampuni mpya sio ukubwa wa nafasi wala neno bila kikomo, maana kikomo kipo, kwenye idadi ya mafaili na nguvu ya prosesa. Uliza bakapu inakaa wapi na lini mara ya mwisho wamejaribu kuirudisha. Machi 10, 2021 jengo la seva la OVH pale Strasbourg, Ufaransa, liliungua lote, mamilioni ya tovuti zikalala, na kuna watu walikuwa wanalipia bakapu kumbe ilikuwa hapo hapo ilipokuwa tovuti. Kwahiyo hata wakikujibu vizuri, wewe mara moja kwa mwezi pakua bakapu nzima kwenye diski ya nje uiweke kwenye sefu. Seva kuwa Ulaya kwenu ni sawa, wageni wenu wako huko. Na tovuti ikigoma kufunguka hapo Moshi jaribuni kwanza kumuuliza mtu aliye nje ya nchi, Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika nilipigiwa simu siku nzima na watu wanaotaka kuhama hostingi wakati tovuti zao zilikuwa hewani, intaneti yetu ndo ilikuwa na shida.

Limebaki la domeini, na mimi hili ndo linaninyima usingizi kuliko yote uliyoandika. Hostingi ni nyumba ya kupanga, unahama. Domeini ni kiwanja, na hati ya kiwanja chenu iko kwa kijana aliyeacha kazi. Kuna hoteli moja ndogo ya Pangani niliwasaidia, fundi wao alikuwa mtu mwema kabisa, alisajili jina kwa imeili yake binafsi ya Yahoo na kwa jina lake, akafariki ghafla. Laini yake ikafungwa kwa kutotumika, imeili hakuna anayeijua paswedi, taarifa za kulipia zinaenda huko huko kwa marehemu. Tulipeleka leseni, cheti cha usajili, barua yenye mhuri, msajili wa nje, yaani kampuni inayouza na kusajili domeini, akajibu mwenye jina ni mtu mwingine. Muda wa neema wa kulipia kwa kuchelewa ukapita, na muda wa kulikomboa jina ukapita, jina likachukuliwa. Leo ukilifungua linaleta matangazo ya kamari, na jina hilo hilo bado liko kwenye kibao cha barabarani na kwenye fulana za wahudumu.

Kwahiyo mtafuteni yule kijana wiki hii. Msianze kwa kumtuhumu kuhusu barua taka, hamna ushahidi na mnamhitaji, mpigie wewe sio bosi mwenye hasira, mwambie tutakulipa muda wako tunaomba tuweke domeini kwa jina la kampuni. Kitu cha kwanza abadilishe imeili ya mwenye domeini, na isiwe ya info, kwa sababu siku domeini ikizimika na info inazimika hapo hapo na hutapata barua ya kujiokoa. Fungueni Gmail ya kampuni kwa kazi hiyo tu, yenye hatua mbili, paswedi yake kwenye Bitwarden. Kama mnataka na kuhamisha msajili, mwambie amuulize msajili kwanza, maana kwa .com kubadilisha taarifa za mmiliki kunaweza kufunga uhamisho kwa siku 60, na kuhama hostingi hakuhitaji hata kidogo kuhamisha msajili, mnabadilisha neimseva tu, ile mipangilio inayoelekeza domeini iende kwenye seva gani. Akitaka kukutumia ile namba ya siri ya kuhamishia domeini muombe aitume kwenye hiyo Gmail mpya, isipite kwenye grupu.